Barua za Kila Jumanne

Saa mbili asubuhi nilivaa gauni la harusi la mama yangu, nikalifunika kwa koti la mvua la kaka yangu, nikatoka kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku. Ndivyo harusi yangu ilivyoanza. Wasichana wenzangu wa Norfolk walisindikizwa na kinanda na mashangazi kumi na wawili. Mimi nilisindikizwa na Marcellus, kaka yangu wa pekee, kapteni wa jeshi la Kusini, naye njia nzima mpaka bandarini hakuthubutu kunitazama usoni.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi, mwaka 1861. Vita vya Marekani, vya Kusini na Kaskazini, vilikuwa na miezi sita. Upande wetu wa maji ulikuwa wa Kusini. Ng'ambo, mahali unapopaona kwa macho siku isiyo na ukungu, ngome ya Monroe ilikuwa bado mikononi mwa Kaskazini. Ndani ya ngome hiyo alikuwamo Luteni Ansel Whitlow, ambaye nilimpenda tangu nina miaka kumi na sita, wakati yeye alikuwa hajui hata kuchana nywele zake.

Msije mkadhani Ansel alikuwa mgeni. Alizaliwa mtaa wetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Homa ya manjano ya mwaka hamsini na tano iliwachukua baba yake na mama yake katika wiki moja, na tangu hapo akawa anakula mezani kwetu, kwenye kiti chake mwenyewe, kati ya Marcellus na dirisha. Baba yangu, Kapteni Landrith, aliyestaafu jeshi la majini akiwa na goti bovu na maneno makali, ndiye aliyewapeleka wote wawili chuo cha jeshi. Walilala chumba kimoja miaka mitano. Walipohitimu, Baba aliwashika mabega akasema ana watoto wawili wa kiume, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Basi jimbo letu la Virginia lilipojitenga na serikali ya Marekani, Marcellus alijiuzulu cheo chake serikalini akavaa sare ya kijivu ya Kusini. Tukakaa tunamsubiri Ansel. Badala yake ikaja barua ya ukurasa mmoja. Alisema aliapa kwa mkono wake juu ya Biblia kwamba ataitumikia serikali ile, na hajui mtu anatengua vipi kiapo. Baba aliisoma amesimama. Alipomaliza alikibeba kile kiti cha Ansel, yeye mwenyewe na goti lake, akakipeleka stoo. Kuanzia siku hiyo jina la Ansel halikutajwa tena mezani.

Mpishi wetu Dorcas alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya mkate wa mahindi, akakitazama kiti kikipita. Sheria ilisema Dorcas ni mali ya baba yangu. Mwezi wa sita, alfajiri moja, alipanda mtumbwi na wanawe wawili akavuka kwenda ngomeni, hakuomba pasi ya kuvuka kwa mtu yeyote. Baba aliita jambo lile wizi. Nawaambia kweli, wakati ule hata mimi niliita hivyo. Nilichelewa kupata akili.

Mimi na Ansel tulibaki na barua. Kila Jumanne stima yetu na stima yao zilikutana katikati ya maji, kila moja na bendera nyeupe, zikabadilishana mifuko ya barua na abiria wachache. Barua iwe ukurasa mmoja, isifungwe, isiseme lolote ila habari za nyumbani. Ofisa wa kila upande huzisoma zote; kwao ofisa huyo alikuwa Ansel. Na ofisa wa upande wetu alikuwa nani? Kaka yangu. Fikirini wenyewe: kila nilipomwandikia mpenzi wangu kwamba silali kwa kumwaza, Marcellus alisoma kwanza, kisha jioni ananiuliza, huku anapaka siagi mkate, kama nimepata usingizi. Nikajifunza kuandika habari za paka.

Hata hivyo Marcellus hakuwa na haja ya kusoma ili anijue. Tulipokuwa wadogo alikuwa mvivu wa shule, akajifundisha kuiga mwandiko wangu ili amwandikie mwalimu vyeti vya ugonjwa. Mama mwenyewe alishindwa kuvitofautisha, na nilichapwa mimi mara mbili kwa ajili yake.

Sasa katikati ya Septemba huyo huyo Marcellus alinijia bustanini na pasi yenye jina langu. Alisema nitavuka, nitaolewa na Ansel kwenye stima yao, mchungaji wa jeshi atakuwepo, na Baba ataambiwa nikishaondoka. Nilimrukia shingoni, nikalia kwenye vifungo vya sare yake. Sikujiuliza kwa nini amekuwa mwema kiasi kile. Anayependa haulizi maswali, na mimi nilikuwa nimependa mpaka kwenye kucha.

Mama alijua. Kifua kilikuwa kimeshamlaza tangu kiangazi, akawa mwepesi ndani ya shuka kiasi cha kutisha. Asubuhi ile alinifunga vifungo vya gauni kwa mikono yake, akipumzika kila kifungo cha tatu. Alipomaliza alinishika kidevu.

"Dosia, baba yako atalikata jina lako kwenye Biblia ya nyumba. Hilo niachie mimi. Nakuomba kitu kimoja tu. Kila Jumanne nipate karatasi yako. Hata ukiandika umekula nini. Nikisoma mwandiko wako nitajua u hai, nami nitakaza roho mpaka Jumanne nyingine."

Nilimwahidi. Nilimbusu macho yote mawili, nikaahidi tena.

Stima ilipokata maji na bandari ikawa ndogo nyuma yetu, Marcellus alinipeleka nyuma ya chumba cha nahodha, mahali pasipo na mtu. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Ndipo akaanza kunieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya nguo za dobi. Nitakapokuwa ngomeni nitaona mengi. Nikimwandikia Mama, nitaje tu wageni wa chakula cha jioni. Nikisema tulikula na watu ishirini, yeye Marcellus atajua wamekuja askari wapya. Nikisema kuku wa jirani wametoroka, atajua meli zimeondoka. Hakuna atakayeshuku, maana Ansel hatasoma barua ya mke wake kwa jicho la ofisa.

Nikashika kamba iliyokuwa karibu.

"Kwa hiyo pasi haikuwa yangu," nikasema. "Ilikuwa yako."

"Ilikuwa ya wote wawili. Nataka uolewe naye, Dosia. Sikudanganyi. Nampenda kuliko hata unavyojua. Lakini mizinga ya ngome ile itawaua vijana ninaowaamrisha."

"Na ikijulikana?"

"Watanitia kitanzi, na watakuwa na haki. Nimechezea bendera nyeupe."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia sitamlalia mume kifuani huku namhesabia askari wake. Nilitegemea atanikaripia, na ningefurahi anikaripie. Badala yake alikaa juu ya furushi la turubai, akaonekana mzee wa miaka hamsini, kijana wa miaka ishirini na mitatu.

"Kataa," akasema. "Haitasaidia. Utamwandikia Mama tu, na barua zitapita kwangu. Ukiandika leo Ansel amechelewa kurudi, nitajua kuna kazi mpya ukutani. Ukiandika umeosha mashuka mengi, nitajua hospitali imejaa. Mimi sijui kusoma nusu. Kazi yangu hii ninaifanya vizuri, na ndiyo laana yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilivyobanwa. Niende, kila neno langu kwa Mama litakuwa risasi kwa watu wa Ansel. Nirudi, nimpoteze Ansel, labda milele, maana pasi ya pili haipo. Au niende na nisiandike kabisa, na Mama alale kitandani kila Jumanne akisubiri karatasi isiyokuja. Hakuna njia ya nne. Niliitafuta dakika ishirini nzima, na moshi wa stima yao ukawa unakaribia.

Nilimwona Ansel kabla haijafika. Alisimama ukingoni na sare yake ya buluu, ameshika mkebe wa kahawa kifuani. Kwetu kahawa ilikuwa imeanza kuwa adimu, na Mama bila kahawa hakuwa mtu. Alikumbuka. Miezi sita ya vita na yeye alikumbuka kahawa ya mama yangu. Nilimpenda pale kuliko siku zote.

Stima zikafungwa ubavu kwa ubavu, ubao ukalazwa. Ansel na Marcellus walipigiana saluti. Kisha Marcellus akauliza kama bado anakoroma, Ansel akasema kwa sasa hakuna wa kumrushia kiatu. Wote wawili walitabasamu, wakaangalia pembeni kwa haraka.

Nilimvuta Marcellus mkono kabla sijakanyaga ubao.

"Sitaandika," nikamwambia. "Hata mstari mmoja, mpaka vita viishe. Na wewe utamwambia Mama sababu. Wewe, kwa kinywa chako, umekaa kwenye kitanda chake. Sitaki adhani nimemsahau."

Akapauka. "Itamuua, Dosia."

"Basi usingeniambia. Nipe neno lako la heshima."

Kwa watu wetu neno la heshima la ofisa halikuwa mchezo. Watu walirudishwa makwao toka vifungoni kwa neno hilo tu, na mlinzi asiwepo. Marcellus alivua kofia tena. Mwishoni alilitoa, kwa sauti ndogo, nami nikavuka.

Ansel hakunikumbatia. Alikuwa kazini, na askari wa pande mbili walikuwa wanatukodolea macho. Alikuwa na meza ndogo, wino na karatasi, maana kila abiria lazima aulizwe na kujibu kabla hajapokelewa, na mchungaji aliyekuwa nyuma yake, mwenye mafua makali, hakuweza kuanza mpaka hilo liishe. Macho ya Ansel yaliniambia mengi, yakinipitia kuanzia kichwani mpaka kwenye pindo la gauni lililolowa. Mdomo wake uliuliza kama sheria ilivyotaka.

"Bibie, je, unabeba ujumbe, au umekubaliana na mtu yeyote kutuma habari upande wa pili?"

"Sibebi, na sikukubali."

Kalamu ilisimama. Ansel alikuwa mkweli kupita kiasi, si mjinga. Alisikia jinsi nilivyolitamka lile neno la pili.

"Naongeza jambo, uliandike," nikasema. "Natoa neno langu kwamba sitaandika barua yoyote kuvuka maji haya mpaka vita viishe."

"Hata kwa Mama Landrith?"

"Hata kwa Mama."

Aliinua macho polepole, akamtazama Marcellus ng'ambo ya ubao. Niliona akielewa, nikaona taya yake ikikaza. Angeuliza swali moja tu zaidi, mimi ningelazimika kujibu, na kaka yangu asingerudi Norfolk. Upepo ulikuwa unapeperusha ile bendera nyeupe juu yetu. Ansel aliinamisha kichwa, akaandika nilichosema, neno kwa neno, akakausha wino. Hakuuliza.

Mchungaji alikohoa, akafungua kitabu. Alipofika pale anapouliza nani anamtoa binti huyu, akatazama huku na huku. Baba yangu alikuwa nyumbani, hajui kitu. Nilimwona mchungaji akitaka kuruka mstari.

"Mimi," akasema Marcellus kutoka kwenye stima yetu.

Ndivyo nilivyoolewa. Walipofungua kamba, Ansel alimrushia Marcellus mkebe wa kahawa juu ya maji, naye akaudaka kwa mkono mmoja kama zamani walipokuwa wanarushiana machungwa. Nilisimama pale mpaka sura yake ikawa haionekani.

Majira yale ya baridi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kila siku ya wiki isipokuwa Jumanne. Jumanne nilipanda ukutani nikaitazama stima ikienda na kurudi. Mama hakuniandikia hata mara moja. Nilijiambia Marcellus amemweleza, na amekasirika, na ana haki. Ansel alinishika mkono. Ngomeni nilimkuta Dorcas akifua nguo kwa mshahara wake mwenyewe. Aliuliza hali ya Mama, akasikitika kweli, kisha akaniambia nisithubutu kumwuliza kama atarudi. Nikasema sitauliza, na nikamwomba radhi. Alinijibu niiombe radhi hiyo tena mwakani, aone kama bado ninayo.

Jumanne moja ya Machi Ansel alirudi kutoka kwenye maji ameshika kofia mkononi. Mama alikuwa amefariki Ijumaa. Niliuliza nikiwa nimekaa sakafuni: je, alijua sababu? Ansel alisema Marcellus alimpa maneno matatu tu: hakufa na kinyongo. Niliyashika maneno hayo wiki nyingi. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwezi wa tano jeshi la Kusini liliihama Norfolk, na Marcellus akaondoka nalo. Siku ya tatu mimi na Ansel tulivuka. Nilipogonga mlango wa nyumba yetu nilitegemea matusi, au mlango kufungwa usoni, maana mume wangu alikuwa na ile sare ya buluu. Baba alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akamtazama Ansel, akageuka akiburuta goti lake kuelekea chumba cha kulia, akauacha mlango wazi.

Tukamfuata. Na pale mezani, kati ya mahali pa Marcellus na dirisha, kiti cha Ansel kilikuwa kimerudi.

"Usinishukuru mimi," Baba akasema, ananitazama mimi. "Uliandika kwamba kila ukila unakiona kile kiti stoo, chakula hakipiti. Mama yako akanisumbua wiki mbili. Nikakirudisha ili nipate amani."

Sikuelewa. Alivuta sanduku la kushonea la Mama, akalifungua. Ndani kulikuwa na barua, zimefungwa kwa utepe, zimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Ishirini na moja," Baba akasema. "Hukuruka Jumanne hata moja. Alikuwa anaziweka chini ya mto. Mwisho alikuwa haoni vizuri, nikawa namsomea mimi. Mimi, niliyelikata jina lako. Kuna ile ya theluji ngomeni, aliipenda ile, nilimsomea usiku aliokufa." Akakohoa kwa hasira. "Hukumwacha mama yako. Kwa hilo nitakuheshimu mpaka kaburini."

Nilichukua ya juu. Ilikuwa kwa mwandiko wangu, ile herufi yangu ya D yenye mkia na yote. Sikuwa nimeiandika mimi. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeweza kuniiga hivyo, naye alishindwa kukaa kwenye kitanda cha Mama na kumwambia ukweli, akavunja neno lake la heshima mara ishirini na moja. Na majibu ya Mama, maskini, aliyaficha yote, maana angeyaachaje yanifikie. Macho yangu yaliangukia mstari wa mwisho: *Marcellus msimwonee, Mama. Anatupenda sote, ila hajui apendeje.*

Ndipo nikakumbuka kuna mtu nyuma yangu. Ansel alikuwa ameisoma ile barua begani kwangu. Alijua mwandiko wangu vizuri kuliko wake. Na alikuwa ameandika kwa kalamu yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, neno langu kwamba sitatuma barua hata moja. Nilimgeukia. Sikuweza kumweleza. Ningefungua mdomo, ningemnyang'anya mzee yule kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mke wake. Nilimtazama tu mume wangu, mtu aliyepoteza mji, meza na rafiki kwa sababu hakujua kuvunja kiapo, nikasubiri nione sura yake ikifungwa.

Baba naye alikuwa anamtazama. "Na wewe ulimruhusu? Kila wiki?"

Ansel alizitazama barua, akanitazama mimi. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa mzaha.

"Kila Jumanne, Baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa."

Kisha akavuta kiti chake, akaketi.